Mlango wa Kujifungua Wenyewe kwa Jengo la Biashara: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kufunga, kwa Mazingira ya Tabora

Malalamiko yanayotufikia mafundi hapa Tabora kuhusu milango ya kujifungua yenyewe yanafanana hadi maneno. Mlango unafunguka wakati hakuna mtu. Mlango unambana mteja bega. Mlango umegoma tangu umeme ulipokatika, na sasa umewekewa tofali usijifunge. Mwenye jengo anakuwa ameshaamua kwamba mota ni feki, anaulizia nyingine Dar es Salaam.

Mara nyingi mota haina kosa. Kosa liko kwenye ukuta usioweza kubeba, kwenye sakafu iliyopimwa kabla ya marumaru, kwenye ethi (waya wa ardhini) isiyofanya kazi kiangazi, au kwenye sensa inayotazama barabara. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu inahusu mambo yanayotangulia mota. Ukiyaruka, hata mota ya bei kubwa itakufia mkononi.

Umeandikwa kwa mwenye jengo anayetaka kusimamia kazi akijua anachodai, na kwa fundi alumini ambaye amezoea milango ya kawaida. Nyaya za umeme mkubwa, yaani ule wa volti 230, zifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Hilo halina mjadala.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

Vya mlango

- Kasha la juu lenye mota, bodi ya kuiongoza, mkanda wa meno, rela na magurudumu ya kuning'inizia, vyote vya mtengenezaji mmoja
- Mabawa ya kioo cha usalama: kile kinachomwagika punje punje kikivunjika, au kile kinachobaki kimeshikwa na utando
- Sensa mbili, ya nje na ya ndani, kila moja ikiwa na uwezo wa kuona mwendo na kuona mtu aliyesimama
- Betri ya akiba, kufuli ya umeme inayoweza pia kufunguliwa kwa mkono, na swichi ya kuchagua kazi
- Vishikizi vya chini, vya kuzuia bawa lisiyumbe
- Mkanda mmoja, seti ya magurudumu na betri za ziada

Msisahau hiyo akiba. Mkanda ukikatika Ijumaa jioni na wa kubadilisha uko Kariakoo, duka litakaa siku kadhaa na mlango mbovu kwa sababu ya kitu kinachoenea kwenye mfuko wa shati.

Vya umeme

- Brekea ya mlango peke yake na RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) ya miliampia 30
- Kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kwenye bodi kuu ya umeme
- Kebo ya nyaya tatu ya milimita mraba 1.5, na paipu mbili: moja ya umeme mkubwa, nyingine ya nyaya za sensa

Vya kazi

- Pimamaji ndefu au leza, timazi, futikamba, ngazi mbili, drili ya nyundo, bolti za kutanuka ukutani, skwea paipu
- Mita ya kupimia volti
- Mizani ya ndoano, kama ile ya buchani
- Boksi gumu la sentimita 70 kwa 30 kwa 20

Mizani na boksi vina kazi yake kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 1: Chagua aina kwa kuangalia nafasi na watu

Aina mbili ndizo zinazotufaa. Kuna mlango wa kuteleza, unaokwenda pembeni, na kuna mlango wa bawaba unaosukumwa na mkono wa mota uliofungwa juu yake. Ile ya kuzunguka, ya hoteli kubwa, achana nayo. Ni ghali, inataka ukumbi mpana, na mtu wa kiti cha magurudumu atahitaji mlango mwingine pembeni yake hata hivyo.

Wa kuteleza ndio bora kwa duka, benki, hoteli na mapokezi ya hospitali. Hauna bawa linalokuja usoni kwa mtu, na upepo hauusumbui sana. Ila unataka nafasi. Urefu wa kasha la juu ni karibu mara mbili ya uwazi unaoutaka, kisha unaongeza sentimita 10 hadi 20. Ukitaka uwazi wa mita 1.6 kwa mabawa mawili, uwe na mita 3.3 na zaidi. Kama una mita 2.4 tu kati ya nguzo mbili, uwazi wako utaishia kwenye mita 1.1, na hakuna fundi atakayeubadilisha ukweli huo kwa maneno.

Nafasi ikiwa ndogo, chukua mlango wa bawaba wa nguvu ndogo. Huu unafunguka polepole na unasimama ukiguswa. Kiwango cha Ulaya EN 16005 na kile cha Marekani A156.19 vinakubaliana kwamba bawa la nguvu ndogo lizuilike kwa nguvu isiyozidi niutoni 67, ambayo ni kama kubeba kilo 7, na likiwa kwenye mwendo lisibebe nishati zaidi ya jouli 1.69. Kiwango hicho cha Marekani kinataka pia libaki wazi kwa sekunde 5 angalau. Muulize muuzaji kama mota yake inafuata kimojawapo. Akianza kukusimulia rangi na muonekano, ondoka.

Onyo: usifunge mlango wa bawaba mahali upepo unapouvamia uso kwa uso. Upepo wa kiangazi ukishika bawa la kioo, mota ya nguvu ndogo haiwezi kulirudisha, na ukiiongezea nguvu haitakuwa tena ya nguvu ndogo.

Jambo jingine la kuangalia mapema ni vumbi. Kataa mlango wa kuteleza unaobebwa na rela ya chini. Mtaro wa sakafuni, kwa vumbi letu la Juni hadi Oktoba, unajaa kabla ya saa nne asubuhi, na kila kiatu kinaongeza. Chukua unaoning'inia juu, chini ukiwa na vishikizi viwili vidogo tu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Kwa hiyo usiharibu kazi nzuri kwa kuweka ngazi moja ya zege mbele ya mlango wa gharama yote hiyo.

## Hatua ya 2: Kagua ukuta, kisha pima baada ya marumaru

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Kasha, mota na mabawa vinaning'inia kwenye mstari mmoja juu ya uwazi. Tofali nyingi za kuchoma ni laini katikati. Bolti ikikazwa inazunguka tu, na vumbi jekundu linamwagika. Gonga ukuta kwa nyundo ndogo. Ukisikia sauti nzito ya zege la linta (boriti iliyo juu ya uwazi), na linta hiyo inafika urefu wote wa kasha, endelea. Kama linta inaishia kwenye kingo za uwazi, funga skwea paipu ya chuma kutoka nguzo hadi nguzo, kisha kasha lifungwe kwenye chuma hicho.

Zege jipya lisubiri. Linafikia nguvu yake ya kawaida siku ya 28, na kulitoboa siku ya tano kwa bolti za kutanuka ni kulipasua.

Vipimo vya urefu vichukuliwe sakafu ikiwa imekwisha. Marumaru na udongo wake wa kugandishia vinaweza kula sentimita tatu au nne, na kioo cha usalama kikishapitishwa kwenye tanuri hakikatwi wala hakitobolewi. Kikizidi kimo, kimezidi. Utaagiza kingine kutoka Dar es Salaam na utakisubiri na lori lake.

Pima upana mahali patatu, yaani juu, katikati na chini, na ushike kipimo kidogo zaidi. Pima sakafu kwa pimamaji katika njia yote ya mabawa. Ikiwa upande mmoja umepanda, bawa litakwaruza huko.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi moja yenye upana mdogo zaidi, kimo kutoka marumaru hadi chini ya linta, tofauti ya usawa wa sakafu, na alama za mahali bolti zitakapokaa. Agiza kutokana na karatasi hiyo. Usiagize kwa kutuma picha ya simu.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya uzito

Kioo kina kilo 2.5 kwa kila mita mraba kwa kila milimita ya unene. Bawa la mita 1 kwa mita 2.2, kioo cha milimita 10, ni mita mraba 2.2 mara kilo 25, yaani kilo 55. Ongeza fremu na vishikio, utafika 65 hivi.

Uzito wa juu ulioandikwa kwenye mota usiwe sawasawa na uzito wako. Acha nafasi ya robo. Mota inayofanya kazi kwenye ukomo wake inapata joto, na kasha lililo juu ya mlango unaopigwa jua la saa nane lina joto la kutosha tayari.

## Hatua ya 4: Tengeneza umeme kabla ya kutundika chochote

Mota nyingi za milango hii hutumia volti 24 ndani, zikipata umeme wa volti 230 kupitia kibadilishaji kilicho kwenye kasha. Zinakula umeme mdogo kuliko pasi. Kinachoziua ni umeme unaopanda na kushuka, na radi za Novemba hadi Aprili.

Vuta laini yake peke yake kutoka bodi kuu. Usichukue umeme kutoka soketi ya friji au kiyoyozi, kwa sababu kila kikianza kunguruma bodi ya mlango itatikisika.

Sasa ethi. Udongo ukikauka, upinzani wake unapanda, hivyo nondo ya ethi iliyopima vizuri mwezi Machi inaweza kuwa mapambo mwezi Oktoba. Mwambie fundi umeme aipime kiangazi. Kama kipimo ni kibaya, aongeze nondo nyingine au aishushe kwenye udongo wenye unyevu. Asiunganishe waya wa ethi kwenye nyutro "kwa muda". Muda huo hauishi, na mteja ndiye atakayeshika fremu ya alumini.

Kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kinategemea ethi hiyo hiyo. Bila ethi ni boksi tu.

Kama jengo lina jenereta, weka kifaa cha kukata umeme ukipanda au kushuka, ndugu wa kile cha kulindia friji, chenye kusubiri kidogo kabla ya kurudisha umeme. Katika kusubiri huko mlango utatumia betri.

Nyaya za sensa zipite kwenye paipu yake. Zikilala pamoja na umeme mkubwa zitaokota kelele, na mlango utafunguka kila taa za ukumbi zinapowashwa.

Umefaulu kama, brekea ikiwa imewashwa, mita inaonyesha karibu volti 230 kati ya laini na nyutro, na kati ya laini na ethi vilevile. Na kitufe cha kujaribia cha RCD kinakata papo hapo.

## Hatua ya 5: Tundika kasha

Zima brekea na uifunge kwa tepu yenye maandishi, maana kuna mtu atapita na kuiwasha.

Piga mstari kwa leza au pimamaji. Kasha likiinama hata milimita chache, bawa litataka kujiteleza lenyewe kuelekea chini, na mota itashindana nalo maisha yake yote. Toboa, puliza vumbi litoke ndani ya tundu hadi liishe, ndipo uingize bolti. Bolti iliyokaa kwenye vumbi haijakaa.

Watu wawili kwenye ngazi, watatu kama kasha linapita mita tatu. Ukimaliza, futa rela kwa kitambaa kikavu. Usipake grisi. Grisi na vumbi la Tabora vinatengeneza msasa.

## Hatua ya 6: Ning'iniza mabawa

Vaa glavu, na mtu asisimame chini ya bawa wala nyuma yake. Ning'iniza bawa, rekebisha skrubu za kimo hadi pabaki milimita 5 hadi 8 kati yake na marumaru, kisha funga vishikizi vya chini.

Angalia mianya yote ambamo kidole cha mtoto kinaweza kuingia. Kanuni ya EN 16005 ni rahisi kukumbuka: mwanya wa hatari usizidi milimita 8 kidole kisiingie, au uzidi milimita 25 kisinaswe. Kati ya hapo ndipo vidole vinapovunjika.

Kabla ya kufunga mkanda, sukuma bawa kwa kidole kimoja. Liende mwisho hadi mwisho bila kukwama na bila sauti, na ukiliachia katikati likae hapo hapo. Likijiondokea, rudi hatua ya 5. Usitegemee mota ifiche tatizo hili. Itaficha kwa mwezi mmoja.

Kisha funga mkanda na uukaze kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Mkanda uliolegea unaruka meno, uliokazwa kupita kiasi unaumiza beringi ya mota.

## Hatua ya 7: Elekeza sensa

Mama mmoja mwenye duka la dawa alinipigia: "Fundi, umesema unajifungua wenyewe, sikatai. Mbona sasa haulali?" Nilikaa kwenye benchi nje nikaangalia. Kila bajaji iliyosimama kushusha abiria ilifungua mlango. Kila bango la kitambaa lililopepea lilifungua mlango. Mbuzi naye alipita, akafunguliwa, akatazama ndani kama anayetafuta bei.

Sensa ya mwendo ni rada. Inaona kinachosogea, hata kama si mtu, na inaweza kuona hata ng'ambo ya kioo. Sehemu ya uwepo hutumia infraredi na kazi yake ni kumwona mtu aliyesimama kwenye kizingiti ili mlango usimfungie. Hizi ni kazi mbili, na sensa ya mwendo peke yake haitoshi kamwe: bibi akisimama mlangoni kutafuta miwani kwenye mkoba, rada inamsahau.

Fanya hivi:

1. Inamisha rada itazame chini, mwisho wa eneo lake uwe mita moja na nusu hivi kutoka mlangoni, usifike barabarani.
2. Kama ina chaguo la kuona wanaokaribia tu, iwashe. Wapita njia hawatausumbua mlango tena.
3. Ondoa bango, pazia na feni katika eneo lake. Bati la kibaraza lililolegea likazwe. Mvua ikilipiga, rada inaona mtikisiko wake.
4. Infraredi ifunike kizingiti chote, ukingo hadi ukingo.
5. Taa ya nje usiiweke karibu na sensa. Mvua za kwanza zikileta kumbikumbi, watajazana kwenye mwanga huo na mlango utakesha nao.

Mlango unaotazama mashariki au magharibi ujaribiwe jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kwa kuwa miale ya moja kwa moja na mng'ao wa marumaru vinaweza kuichanganya infraredi.

Utajua umefaulu ukikaa nje nusu saa, wakati wa pilika, na mlango ukafunguka kwa wanaoingia tu.

## Hatua ya 8: Washa na upime

Ondoa kila mtu njiani, washa brekea, uanzishe zoezi la kujifunza. Mlango utakwenda polepole hadi mwisho na kurudi, ukitafuta mipaka yake na kupima uzito. Usiuguse wala usiache ndoo ya fundi njiani. Ukizuiwa hapa utajifunza uongo.

Anza na kasi ndogo. Wenye maduka wanapenda mlango unaofyatuka, lakini wateja wao ni pamoja na wazee na watoto.

Sasa chukua boksi. Liweke kwenye kizingiti, kwanza limelala, kisha limesimama, sehemu tofauti. Mlango usifunge hata mara moja. Ukifunga, sensa haijafunika. Rudi hatua ya 7.

Chukua mizani, ndoano ishike ukingo wa bawa linalofunga, uvute kulizuia. Kwa mlango wa kuteleza, kiwango cha Marekani A156.10 kinataka nguvu hiyo isizidi niutoni 133, yaani kama kilo 13 na nusu kwenye mizani yako. Kwa mlango wa bawaba wa nguvu ndogo ni kilo 7 hivi. Ikizidi, punguza nguvu ya kufunga kwenye bodi.

## Hatua ya 9: Umeme ukikatika, na moto ukitokea

Zima brekea mchana, jengo likiwa na watu unaowajua. Mlango ufunguke kwa betri na ubaki wazi, au uweze kusukumwa kwa mkono bila kupigana nao. Kama hauwezi hata moja kati ya hayo mawili, usiukabidhi. Watu wamejaa ndani na moshi unakuja si wakati wa kutafuta funguo.

Kama jengo lina kengele ya moto, iunganishwe ili mlango wa kuteleza wa njia ya kutokea ufunguke kengele ikilia. Mlango wa kuzuia moto kati ya vyumba ni kinyume chake, huo unatakiwa ujifunge, usichanganye. Waite Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wauone kabla hujafungua biashara, kwani watauona tu siku ya ukaguzi.

Mfundishe mlinzi swichi ya kuchagua kazi. Saa ya kufunga iwekwe kwenye "toka tu", waliobaki watoke bila wapya kuingia. Baadaye ndipo iwekwe kwenye "funga". Mwonyeshe pia kwa mikono yake jinsi ya kufungua kufuli bila umeme, kisha mwambie arudie mwenyewe ukimtazama.

## Matunzo

Kila wiki, na kiangazi kila siku, fagia kwenye vishikizi vya chini na ufute uso wa sensa kwa kitambaa laini. Kila mwezi, zima brekea na uone kama betri bado inafungua. Kila miezi sita, fungua kasha, futa rela, tazama meno ya mkanda na kaza bolti.

Betri za risasi hazivumilii joto la ndani ya kasha. Zibadilishe kila baada ya miaka miwili au mitatu hata kama zinaonekana nzima, na tarehe ya kuzifunga iandikwe kwa kalamu isiyofutika juu ya betri yenyewe. Ikiandikwa kwenye daftari la ofisi, fundi aliye juu ya ngazi hataiona.